Ukurasa wa Kiporo

Niliondoka Kikatiti asubuhi moja ya siku ya soko bila mpango wowote. Nilikuwa nimefanya kazi miezi minane kwenye mashine ya kusaga mahindi, na tangu siku nilipoielewa yote, kuanzia mkanda hadi chekeche, ilianza kunichosha. Ndivyo nilivyokuwa tangu nilipoacha shule kidato cha pili. Kitu nisichokielewa kilinishika, na nikishakielewa kiliniachia.

Shangazi, niliyekuwa nikiishi kwake, alinikuta nafunga viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Mjini."

"Kufanya nini?"

"Nitajua nikifika."

"Mtu akikusikia atadhani umerogwa," alisema, akanifungia viazi viwili vya kuchemsha kwenye jani la mgomba.

Nilitembea hadi Maji ya Chai. Pale nilikuta lori la ndizi ambalo dereva wake alitaka mtu wa kukaa juu ya mzigo ili mikungu isidondoke kwenye matuta. Nikapanda. Lori lilishusha mzigo Themi, mtaa wa mjini, na nilipokuwa nikijikung'uta utomvu niliona wanaume watatu juu ya paa la nyumba ng'ambo ya barabara, wakivuta sahani kubwa nyeupe kwa kamba. Nikavuka.

"Hiyo sahani inaangalia wapi?" niliuliza.

Aliyekuwa mbele alinitazama chini. Alikuwa amenizidi umri kidogo, mtu wa Kilimanjaro, na ndiye alikuwa fundi wao.

"Inaangalia mlimani. Wewe una maswali au una mikono?"

"Vyote."

"Basi shika kamba."

Nilishika kamba, na jioni nilikuwa nimeajiriwa. Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Stesheni za redio zilikuwa zimeongezeka, nguo za mitumba zilijaa sokoni, wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wanapanda mlimani na malori yao, na mwenye mtaji aliruhusiwa kuuza intaneti kama alivyouza saruji. Tajiri wetu alikuwa ameuza saruji kweli kabla ya kuingia katika biashara hii, na bado alihesabu nyaya kana kwamba ni nondo.

Mwanzoni nilifagia na kuvuta nyaya. Baada ya wiki chache fundi aliniweka mbele ya kioo cha kompyuta, kwa sababu yeye alishinda juu ya mapaa ya watu na alihitaji mtu wa kupokea simu. Kazi yangu ilikuwa kutazama ukurasa mmoja.

Chini ya meza palikuwa na kompyuta kuukuu ambayo kazi yake ilikuwa kuzijulia hali mashine nyingine. Kila baada ya dakika tano iliwaita wateja wote, mmoja baada ya mwingine, kama mwalimu anayeita majina darasani. Aliyeitika aliandikwa kwa kijani. Aliyeitwa mara tatu asiitike aliandikwa kwa nyekundu. Ikimaliza kuita ilichora ukurasa wenye orodha nzima, na mbele ya kila mteja mstari mdogo wa kupanda na kushuka, kisha ikauhifadhi kwenye diski yake. Mtu akiufungua, hata kama ni tajiri mwenyewe ofisini kwake, alipewa ule uliokwisha kuchorwa.

Siku ya pili nilimuuliza fundi kwa nini mashine isichore pale mtu anapouliza.

"Umemwona mama wa mandazi pale getini?"

"Nimemwona."

"Anakaanga alfajiri, anapanga kwenye kabati la kioo. Ukija unachukua, unaondoka. Sasa nenda kwa yule wa chipsi mayai. Mpaka amenye viazi, mpaka mafuta yachemke. Wakija watu watano kwa pamoja, wa tano atalala na njaa. Mashine yetu hii ni mzee, aisee. Ikianza kupika kwa oda itakufa."

"Na mandazi yakilala?"

"Mangi mimi, Mchaga halisi, nakaanga kila dakika tano. Yatalala saa ngapi?"

Nikaridhika. Ilikuwa hoja nzuri, na hadi leo naona ilikuwa nzuri.

Miongoni mwa wateja wetu kulikuwa na kikundi cha wakulima wa kahawa upande wa juu wa Tengeru, kwenye mteremko wa Meru. Katibu wao alikuwa mama mmoja aliyewahi kuwa karani wa ushirika, na yeye ndiye aliyewashawishi wenzake waweke mlingoti wenye kisahani cha intaneti ili waandikiane na wanunuzi moja kwa moja, badala ya kumsubiri mtu wa lori awaambie bei anayotaka. Wazee walikubali shingo upande. Walitoa miezi mitatu ya majaribio. Wakiona haifai, mlingoti ungeng'olewa na yeye angeacha ukatibu. Haya alinieleza mwenyewe kwa simu, kwa sababu alipiga kila siku saa tatu asubuhi na hakuwa na haraka.

"Kijana wangu, hamjambo huko?"

"Hatujambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na sisi kwenye kioo chako hatujambo?"

"Kijani, mama."

"Mungu ni mwema."

Mwezi mmoja ulipita hivyo. Kisha ikaja Jumatano moja.

Mnunuzi fulani alikuwa amewaandikia jioni ya Jumanne. Alitaka jibu kabla ya saa kumi jioni ya kesho yake: wana magunia mangapi, ya daraja gani. Asipolipata angenunua kwingine. Saa tatu mama katibu alipiga kama kawaida, nikamwambia kijani. Saa nne alipiga tena.

"Barua haiendi."

"Huku inaonyesha mko sawa, mama. Zimeni kompyuta, muiwashe tena."

Saa sita mchana simu iliita kwa mara ya tatu. Nyuma yake nilisikia sauti za wanaume, na mmoja akicheka.

"Hebu nisikilize," alisema. "Huo ukurasa wako umeandikwa saa ngapi?"

Hakuna mteja aliyewahi kuuliza hivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejizoeza kutazama rangi tu. Nikashuka hadi chini kabisa, ambako mashine iliandika kwa herufi ndogo saa ya kuchora ukurasa, nikakuta 06:10. Nikainua macho ukutani. Ilikuwa saa sita na dakika kumi na mbili. Nikasoma tarakimu zilivyokuwa.

"Sita na kumi, mama."

"Basi ni sasa hivi."

"Ni sasa hivi."

Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, na mashine haihesabu hivyo. Ilikuwa inasema saa kumi na mbili na dakika kumi, alfajiri. Nilikuwa nimelijua jambo hilo tangu siku ya kwanza, fundi alinionyesha kwa kidole. Lakini saa ya ukutani na ile ya kwenye kioo zilikubaliana vizuri mno, na nilikuwa na uhakika wa mtu aliyekalia kiti kwa wiki chache.

"Tatizo liko kwenu, mama," nilisema. "Mtafuteni mtu aifungue hiyo kompyuta."

Walimtafuta fundi redio wa pale kijijini. Aliifungua mbele ya wazee, akatoa alichoweza kutoa, akapuliza vumbi, akarudisha. Saa kumi ilifika na kupita.

Fundi wetu alirudi muda mfupi baadaye, akiwa na ngazi begani. Alisimama nyuma yangu na kukitazama kioo kidogo tu.

"Mbona michoro yote imekatika mahali pamoja?"

Sikuwa nimeliona hilo. Kila mstari, wa kila mteja, uliishia hatua ileile ya alfajiri, na sehemu ya mchana ilikuwa tupu. Aliniondoa kwenye kiti, akafungua ule uso mweusi wa kuandika amri, akaandika maneno mawili.

"Diski imejaa," alisema.

"Imejaa nini?"

Alijikuna shingo. "Kwaya."

Alikuwa mwimbaji wa kwaya ya usharika wake, sauti ya nne, na kwaya ilikuwa na kanda za zamani zilizoanza kukwaruza. Mashine ile ndiyo pekee ofisini iliyokuwa na nafasi, kwa hiyo Jumanne alichomeka redio kaseti kwenye tundu lake la nyuma na kuiacha inanasa nyimbo. Jioni akaondoka bila kukumbuka kuizima. Kanda yenyewe ilikuwa ya saa moja. Ilipokwisha, mashine iliendelea kunasa kimya hadi alfajiri, mpaka kimya kikaijaza. Baada ya hapo iliendelea kuwaita wateja kila dakika tano kama kawaida. Ila ilipotaka kuuandika ukurasa mpya haikupata mahali pa kuuweka, na ule wa zamani ulibaki palepale, wa kijani, ukimngoja yeyote aufungue.

Alifuta faili. Tukasubiri dakika tano. Ukurasa ulipobadilika, wateja wote walikuwa kijani isipokuwa mmoja. Wakulima wa mlimani walikuwa wekundu tangu saa moja asubuhi.

Nilipiga simu. Nikamwomba mama katibu aende nje autazame mlingoti. Alirudi akihema.

"Mtu amelifunga dume lake la ng'ombe kwenye waya."

"Waya upi?"

"Huu unaoshikilia mlingoti! Limevuta mpaka kile kisahani kinatazama Moshi."

Wanaume wawili waliuzungusha mlingoti huku mimi nikiwaambia kwa simu, kushoto kidogo, kidogo tena, na mstari ukarudi. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Ningemwambia ukweli saa tatu asubuhi, wangekuwa na saa saba za kuiandika barua yao. Mnunuzi alikuwa ameshachukua kahawa ya watu wengine.

Tajiri alikuja kesho yake na jibu tayari. "Waambieni umeme ulikatika." Fundi alitazama viatu vyake. Tulipobaki wawili aliniambia, "Ukitaja kwaya, mwenzako nimekwisha."

"Sitaitaja."

"Na hiyo saa uliyoisoma?"

"Hiyo ni yangu."

Alhamisi nzima fundi alishinda akiandika upya ile programu. Safari hii hakutaka kitu chochote kilale. Ukurasa ungechorwa palepale mtu anapoufungua: mashine iende ichungulie, irudi, ichore, imkabidhi. Usiku ule alilala kwa amani. Ijumaa asubuhi tajiri aliufungua ofisini kwake, akauacha ujifungue upya kila nusu dakika kama alivyopenda. Wahasibu wa hoteli moja waliufungua. Mimi niliufungua. Wateja wawili niliokuwa nimewafundisha, kwa kujigamba, jinsi ya kujitazama wenyewe, nao waliufungua. Mashine ilianza kuunguruma chini ya meza. Kioo changu kilikaa cheupe dakika moja, mbili, nne. Ilifika saa nne haikuwa ikimjibu yeyote, na hata wateja haikuwa ikiwaita tena, kwa sababu nguvu zake zote zilikwenda kwenye kuchora.

"Chipsi mayai," nilisema.

"Nyamaza, wewe."

Tuliizima na kuiwasha. Tukaenda kunywa chai getini, na pale nilimwona mama wa mandazi akiuza kutoka beseni lililokuwa pembeni ya kabati. Niliuliza yale ni ya nini.

"Ya jana," alisema. "Kiporo. Nikiyachanganya na ya leo, kesho hamtanunua hata moja. Nani atajua anachokula?"

Fundi aliweka kikombe chini. Tulirudi ofisini tukitembea haraka. Aliurudisha utaratibu wa zamani, ukurasa uchorwe kila dakika tano na kuhifadhiwa. Kisha akaweka mlangoni kijiprogramu kidogo ambacho hakikuchora chochote. Mtu akiufungua ukurasa, kazi yake ilikuwa kutazama tu umri wake. Ukiwa umezidi dakika kumi, kilifuta rangi zote zikawa za kijivu, na juu kikaandika kwa herufi kubwa: KIPORO. Mashine haikuhisi hata uzito wake. Tajiri alilalamika kwamba neno lile halina hadhi. Fundi alimwahidi kulibadilisha na hakulibadilisha.

Nilifurahi kama mtu aliyegundua kitu. Mchana ule mama katibu alipiga, na safari hii hakuuliza juu ya rangi.

"Jumapili wanakaa baada ya ibada," alisema. "Wanasema mashine ilisema ni nzima mara tatu, na mwenye mashine akasema tatizo ni langu. Kwamba mwanamke nimeng'ang'ania kitu nisichokiweza, nikaivunja na kompyuta. Mlingoti wataung'oa, na mimi nitarudi shambani kwangu."

"Lakini si wameliona dume?"

"Dume wameliona jioni. Wanasema ningelijua asubuhi kama ningekuwa najua kazi. Wewe ndiye shahidi wao, kijana wangu. Neno lako ndilo wanalolishika."

Alisema hivyo bila kunilaumu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Ningekuwa kwenye ile mashine ya mahindi, huo ndio wakati ambao ningefunga viatu na kuelekea upande mwingine. Jumapili nilifunga viatu nikaelekea Tengeru, na kutoka barabara kuu nikapanda kwa miguu katikati ya migomba na mibuni. Sikumwambia tajiri.

Nilifika ibada ikiwa imekwisha. Watu walikuwa uwanjani mbele ya kanisa wakinadi sadaka za shambani: mayai, mikungu miwili, na jogoo aliyenunuliwa na kurudishwa kunadiwa mara tatu, watu wakicheka. Mnada ulipokwisha wakulima walibeba mabenchi hadi kwenye nyasi upande wa pili. Mwanamke mrefu mwenye kitenge cha bluu alikaa mwisho wa benchi la mbele, daftari mapajani. Sikuwa nimewahi kumwona, lakini aliposema "Mungu ni mwema" kumjibu mtu, niliijua sauti.

Nilisimama kabla hawajaanza.

"Shikamooni. Mimi ndiye ninayepokea simu kule mjini."

"Marahaba," walijibu. Mzee mmoja aliyevaa koti la mvua kwenye jua kali aliongeza, "Aa! Shahidi amekuja mwenyewe. Haya, waambie. Ulisema ni nzima au hukusema?"

"Nilisema."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Mmesikia?"

"Na mara zote tatu haikuwa nzima," nilisema. "Mashine yetu ilikuwa imejaa ikashindwa kuandika. Nilichokuwa nikimsomea mama kilikuwa cha alfajiri. Aliniuliza kimeandikwa saa ngapi. Ni yeye peke yake aliyewahi kuniuliza. Kilikuwa kimeandikwa saa kumi na mbili, mimi nikasoma sita, nikamwambia ni sasa hivi."

Walihesabu kwa vidole. Mwanamke mmoja nyuma aliguna.

"Subiri," alisema yule mzee wa koti. "Yaani ulikuwa na gazeti la jana mkononi, mama akakuuliza tarehe, ukaisoma tarehe vibaya?"

"Ndiyo."

"Na ukamwambia yeye ndiye hajui kusoma?"

"Ndiyo, mzee."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Nilisimama nikakipokea chote. Mama katibu hakucheka, alikuwa akiandika kwenye daftari lake, na nadhani alikuwa akiandika muhtasari kama kikao kingine chochote. Kwaya sikuitaja.

Walibishana kwa muda mrefu, sehemu kwa Kiswahili na sehemu kwa Kimeru. Mwenye dume alisimama akasema waya ule haukuwa na maandishi ya kukataza ng'ombe, akazomewa. Mwishoni mzee wa koti alikohoa.

"Ukatibu abaki nao. Aliuliza swali ambalo mimi nisingeuliza. Lakini mlingoti, bado sijauamini. Imebaki miezi miwili. Nataka hapa mtu wa kuulizwa, anayeweza kwenda kuutazama kwa macho na kurudi. Sitaki kusomewa."

"Nani akae huku miezi miwili?" mtu aliuliza. "Watu wa mjini hawa?"

"Nitakaa mimi," nilisema.

Mama katibu aliinua kichwa. "Na tajiri wako?"

Nilikwenda pembeni nikapiga simu. Tajiri alifoka kuhusu umeme ambao haukukatika, kisha akauliza kama wanabaki wateja. Nikamwambia wanabaki nikibaki. Alikata simu, na baada ya muda fundi akapiga. "Amesema sawa. Amesema pia wewe ni punguani." Akasita kidogo. "Asante, mwanangu."

Chumba nilipewa na yule mzee wa koti. Kilikuwa nyuma ya mtambo wa kumenya kahawa, na kilinuka maganda yaliyochacha. Alisogeza magunia matupu ukutani, akajaribu kitanda cha kamba kwa goti lake, akatikisa kichwa, akaenda kuleta kamba nyingine. Tuliifunga pamoja. Mkewe alileta blanketi na bakuli la loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, akaniuliza kama maziwa ya mgando yananidhuru tumbo.

"Hayanidhuru, mama."

"Utaamka saa ngapi?" mzee aliuliza kutoka mlangoni.

"Saa kumi na mbili."

"Ipi?"

"Ya alfajiri, mzee."

"Vizuri," alisema. "Nitakugongea. Tukautazame wote."